Mwarobaini na majirani zake: mwongozo kamili wa kupima kama majani yake yanazuia mboga kuota

Katika nyua nyingi za Dar es Salaam mwarobaini ndio mti wa kivuli na ndio mti wa dawa, na mara nyingi chini yake ndipo palipobaki nafasi pekee ya kutengeneza tuta la mchicha. Anayepanda hapo hupata matokeo yanayotia mashaka: mbegu huota kwa mafungu, miche hubaki mifupi na yenye rangi ya njano, na hakawii kutokea mtu wa kusema kwamba mti huo mchungu umeutia udongo sumu. Huenda mtu huyo amesema kweli, kwa sababu majani ya mwarobaini yana kemikali zinazozuia mimea mingine kukua. Lakini chini ya mti huohuo pana kivuli, pana mizizi inayonyonya maji kabla ya mchicha kuyafikia, na mara nyingi pana kuku. Lolote kati ya hayo linaweza kuiletea miche hali ileile.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatenganisha hayo kwa vifaa vinavyopatikana mjini, bila maabara, kisha namna ya kupanga bustani kulingana na ulichokipata. Nimechagua mwarobaini na mchicha kwa sababu vyote viwili viko karibu na kila mtu hapa Dar es Salaam. Hata hivyo, utaratibu huuhuu unafaa kwa mmea wowote wa dawa unaoushuku. Msimamo wangu ni kwamba hakuna mti unaostahili kukatwa, wala tuta linalostahili kuhamishwa, kwa tuhuma ambayo haijapimwa.

Kemia yenyewe kwa ufupi

Mmea hauwezi kumkimbia mdudu, kuvu wala jirani anayeukaribia mno, kwa hiyo hujitengenezea kemikali za kujilinda. Nyingi za kemikali hizo ndizo tunazoziita dawa. Mwarobaini una azadirakitini, nimbini, salanini na nyinginezo nyingi za jamii hiyo, na ndizo zinazoyapa majani uchungu wake. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wametenga katika majani ya mwarobaini kemikali mbili, nimbolidi B na asidi ya nimbiki B, ambazo zilizuia ukuaji wa miche ya mimea mingine katika majaribio yao. Kwa hiyo tuhuma dhidi ya mwarobaini ina msingi, na kilichobaki ni kujua kama kiasi kinachofika kwenye tuta lako kinatosha kuleta madhara.

Hali hii ya mmea mmoja kuathiri mwingine kwa kemikali inaitwa alelopathia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1937 na Hans Molisch, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliyekuwa akichunguza jinsi gesi inayotoka katika matunda yanayoiva inavyoathiri mimea iliyo karibu. Tangu wakati huo mifano mingi imechunguzwa. Mmojawapo unaotuhusu sana katika nchi za malaria ni Artemisia annua, mmea unaotoa artemisinini. Kemikali hiyo ilitengwa nchini China mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kumpatia mwanasayansi Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na hiyohiyo inayoua vimelea vya malaria imeonekana pia kudumaza mizizi ya miche ya mimea mingine.

Kemikali za mmea humfikia jirani kwa njia nne. Mvua huziosha kutoka kwenye majani mabichi na kuzidondosha chini. Majani makavu yaliyoanguka huzitoa yanapooza. Mizizi hai huzitoa moja kwa moja udongoni, kama mizizi ya mtama inavyotoa sorgoleoni, na baadhi ya mimea yenye harufu kali huzitoa hewani kama mvuke. Kwa mwarobaini, jambo la kwanza kulichunguza ni majani yanayoanguka, kwa sababu ndiyo mengi na ndiyo yanayochanganyika na udongo wa tuta.

Ipo pia njia ya kuzunguka, ambayo watu wengi huisahau, nayo inapitia kwa viumbe wadogo wa udongoni. Tangu mwaka 2015 India imeagiza urea yote inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini, kwa sababu mafuta hayo hupunguza kasi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati, na hivyo mbolea hukaa udongoni muda mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba mwarobaini unaweza kubadilisha lishe ya mchicha wako bila hata kuugusa mchicha wenyewe.

Hatua ya kwanza: chunguza mahali kabla ya kuchuma jani

Kabla ya jaribio lolote, tumia siku chache kuangalia. Chora ramani ndogo ya uwanja ukionyesha shina la mti, mwisho wa matawi, na mahali ambapo miche imefanya vibaya. Angalia saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni ni sehemu gani ina jua na ipi haina, na uandike. Chimba kwa kidole au kijiti hadi kina cha sentimita 10 katika sehemu mbili, chini ya mti na mbali nao, saa chache baada ya kumwagilia, uone ni wapi udongo umekauka haraka. Udongo wa kichanga wa pwani yetu haushiki maji, na mti mkubwa una mizizi ya pembeni inayoweza kupita mwisho wa matawi yake.

Kisha fuatilia wanyama. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu liliwahi kuwapotosha hata wanasayansi. Huko California, katika miaka ya 1960, ilionekana kwamba vichaka fulani vyenye harufu kali, vya jamii ya seji, vimezungukwa na ukanda mtupu usio na nyasi, na maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba mvuke wa majani yake unazuia mbegu za nyasi kuota. Mwaka 1970 Bruce Bartholomew alichapisha majaribio ambamo aliweka vizimba vya waya katika ukanda huo. Ndani ya vizimba nyasi ziliota. Wanyama wadogo waliojificha vichakani walikuwa wakitoka na kula mbegu na miche iliyo karibu na maficho yao. Kemikali zilikuwepo kweli, na maabara ilithibitisha kwamba zinazuia mbegu, lakini kazi kubwa pale nje ilifanywa na meno. Kwetu sisi, kuku hupenda kukaa kivulini wakati wa jua kali, na kivuli hicho ndicho cha mwarobaini. Funika kipande cha tuta kwa wavu au waya wa kuku, panda mbegu ndani na nje yake, na utakuwa umeshajibu swali moja bila gharama kubwa.

Maji nayo yachunguze. Visima vingi virefu vya Dar es Salaam hutoa maji yenye chumvichumvi, na chumvi peke yake inatosha kuchelewesha mbegu ndogo kuota. Katika majaribio yote yanayofuata tumia maji ya aina moja tu. Ya mvua ndiyo bora, ukikosa ya mvua tumia ya bomba, lakini usichanganye.

Hatua ya pili: jaribio la maji ya majani

Jaribio hili linajibu swali dogo: je, ndani ya majani haya kuna kitu kinachoweza kuzuia mbegu? Halisemi kama kitu hicho kinafanya kazi bustanini. Hilo litakuja baadaye.

Utahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu, bomba la sindano lisilo na sindano kwa kupimia mililita, kitambaa safi cha pamba au kichujio cha chai, tishu nyeupe zisizo na manukato, rula, na makopo madogo 24 ya plastiki yenye mifuniko, yale ya kufungia chakula. Nunua mbegu za mchicha kwenye duka la pembejeo na uulize kama zimepakwa dawa. Zilizopakwa huwa na rangi ya waridi, bluu au kijani isiyo ya asili, nazo hazifai hapa. Mchicha unafaa kwa jaribio hili kwa sababu mbegu yake ni ndogo mno na ina akiba kidogo ya chakula, hivyo huonyesha madhara mapema kuliko kunde au mahindi.

Okota majani yaliyoanguka yenyewe katika siku chache zilizopita, kwa sababu hayo ndiyo yanayoingia udongoni. Yaanike kivulini mpaka yavunjike kwa vidole, kwa maana jua kali huharibu baadhi ya kemikali za mwarobaini, ikiwemo azadirakitini. Yakishakauka yaponde kidogo, pima gramu 20, uyaloweke katika mililita 200 za maji kwa saa 24. Usizidishe muda huo. Kwa joto la Dar es Salaam maji ya majani yaliyolowekwa siku mbili au tatu huanza kuchacha, bakteria hutoa asidi zao, na mbegu zikifa hutajua kama zimeuliwa na mwarobaini au na uchachu. Mwenye jokofu aweke humo.

Chuja. Maji uliyopata yaite asilimia 10, kwa kuwa yametokana na gramu 10 za majani kwa kila mililita 100 za maji. Sasa yazimue ili upate viwango vingine, kila kimoja mililita 40. Kwa asilimia 5, changanya mililita 20 za maji ya majani na 20 za maji safi. Kwa asilimia 2.5, changanya 10 na 30. Kwa asilimia 1, changanya 4 na 36. Weka kando mililita 40 za asilimia 10 bila kuzimua, na mililita 40 za maji matupu, ambayo ni ya ulinganisho. Bila makopo ya maji matupu jaribio lote halina thamani, kwa sababu hutakuwa na cha kulinganisha.

Kila kiwango kipewe makopo manne. Kunja tishu mara kadhaa chini ya kopo, mimina mililita 5 za kiwango husika, na upange mbegu 25 zisizogusana. Nimechagua 25 kwa sababu kila mbegu moja inakuwa asilimia 4, na hesabu inakuwa nyepesi. Ikiwa tishu imeacha maji yanayoelea, ongeza tishu, kwani mbegu iliyozama hukosa hewa. Funika, andika kiwango kwa kalamu ya wino usiofutika, changanya mpangilio wa makopo ili yale ya kiwango kimoja yasikae yote upande mmoja wa meza, na uyaweke mahali penye hali ya hewa ya ndani, mbali na dirisha la jua. Ukiona tishu imeanza kukauka, ongeza matone machache ya maji safi katika makopo yote kwa kiasi kilekile.

Ongeza pia makopo manne yenye maji ya majani ya mmea usioushuku, yaliyolowekwa na kuchujwa kwa namna ileile na kwa asilimia 10 ileile. Sababu yake ni kwamba maji yoyote mazito yenye vitu vilivyoyeyuka huifanya mbegu ipate shida ya kunyonya maji, hata kama vitu hivyo si sumu. Ikiwa majani ya mmea ule mwingine nayo yamezuia mbegu kwa kiasi kilekile, basi hujaona chochote cha pekee kwa mwarobaini.

Kusoma matokeo

Hesabu kila siku kwa saa ileile mbegu zilizotoa mzizi wa angalau milimita 2. Mchicha huanza kuota ndani ya siku chache. Siku ya tano toa miche kumi kutoka kila kopo bila kuchagua mizuri, nyoosha kila mmoja juu ya rula na upime urefu wa mzizi kwa milimita. Mzizi ndio shahidi wako mkuu. Mara nyingi mbegu huota vizuri kabisa katika maji ya majani, na mtu hudhani hakuna tatizo, kumbe mizizi imefupika nusu, ncha zimekuwa za kahawia na nywele za mizizi hazipo. Mche wa namna hiyo ukiwa udongoni hufa kwa kiu katikati ya maji.

Hesabu ni hii: chukua wastani wa urefu wa mzizi katika maji matupu, toa wastani wa kiwango unachokichunguza, gawanya kwa ule wa maji matupu, kisha zidisha kwa 100. Kwa mfano, kama katika maji matupu wastani ni milimita 30 na katika asilimia 5 ni milimita 12, mzizi umepungua kwa asilimia 60. Panga majibu kutoka kiwango kidogo hadi kikubwa. Kama kuna kemikali inayozuia, upungufu utaongezeka kadiri kiwango kinavyopanda. Upungufu unaorukaruka bila mpangilio kwa kawaida unatokana na ukungu, makopo yaliyokauka au mbegu mbaya. Tena usishangae kukuta kwamba katika asilimia 1 mizizi imekuwa mirefu kuliko ya maji matupu, kwani kemikali nyingi zinazodumaza zikiwa nyingi huchochea ukuaji zikiwa kidogo sana.

Mbegu ambazo hazikuota siku ya saba usizitupe. Zioshe kwa maji safi, ziweke kwenye tishu mpya yenye maji matupu, na uzipe siku nyingine tano. Zikiota, majani yalizichelewesha tu, na mvua nzuri inaweza kuondoa tatizo. Zisipoota, madhara ni makubwa zaidi.

Hatua ya tatu: jaribio la ndoo

Hapa ndipo jaribio linapokaribia ukweli wa bustani, na kama una muda wa jaribio moja tu, ningekushauri ufanye hili. Udongo una chembe zinazoshika kemikali na una bakteria wanaozila, kwa hiyo kitu kilichoua mbegu kwenye tishu kinaweza kuwa hakina nguvu kabisa udongoni.

Kwanza jua kiasi halisi cha majani. Pima eneo la mita 1 kwa mita 1 chini ya mti ambalo halijafagiliwa kwa wiki kadhaa, kusanya majani yote, yaanike kivulini na uyapime. Udongo wa juu wa sentimita 10 katika mita hiyo moja ya mraba una ujazo wa lita 100. Kwa hiyo gawanya uzito wa majani kwa 100 na utapata gramu za kuweka katika kila lita ya udongo. Ukikusanya gramu 300, utaweka gramu 3 kwa lita, yaani gramu 12 kwa ndoo ya lita 4. Hesabu hii fupi ndiyo inayotofautisha jaribio la maana na lile la kujaza ndoo majani mpaka juu, ambalo litaua mche wowote na halitathibitisha chochote. Katika nyumba ambayo uwanja hufagiliwa kila asubuhi, utagundua kwamba majani yanayofika udongoni ni machache sana, na huenda ukaishia hapo.

Tafuta ndoo 20 za rangi za lita 4, zioshe vizuri na uzitoboe chini. Changanya udongo wote mahali pamoja kabla ya kuugawa, uwe wa kutoka mbali na mti. Zigawe katika mafungu manne ya ndoo tano. Fungu la kwanza ni udongo mtupu. La pili ni udongo na majani. La tatu ni udongo na mkaa uliosagwa laini, kikombe kimoja cha chai kwa ndoo. La nne ni udongo, majani na mkaa. Mkaa una vishimo vingi vidogo visivyoonekana, na humo kemikali za mimea hunaswa. Mkaa wa maabara ulioamilishwa hunasa zaidi, lakini wa jikoni uliosagwa na kuchekechwa unasaidia pia. Fungu la tatu lipo kwa sababu mkaa wenyewe hubadilisha udongo, na ni lazima ujue unafanya nini ukiwa peke yake.

Mwagilia ndoo zote na uziache siku tatu, kisha panda mbegu 20 za mchicha kwa ndoo. Ziweke zote mahali penye jua moja, zifunike kwa wavu, na uzimwagilie kwa kipimo kilekile. Baada ya wiki ya pili punguza miche ibaki mitano. Kuanzia hapo wape wote chakula sawa: kijiko kimoja cha chai cha urea katika lita 10 za maji, na kila ndoo ipate mililita 200 mara moja kwa wiki. Sababu ya mbolea hii ni kwamba majani yanayooza hutumia nitrojeni ya udongo, maana bakteria wanaoyaozesha nao wanaihitaji, na mchicha huwa njano kwa njaa. Njaa hiyo wengi huiita sumu. Wiki ya tano kata miche usawa wa udongo na upime uzito kwa kila ndoo.

Kama fungu la pili limedumaa, la nne limekua karibu sawa na la kwanza, na la tatu halina tofauti na la kwanza, una ushahidi mzuri kwamba kemikali za majani ndizo zilizofanya kazi na mkaa umezinasa. Kama la pili na la nne yamedumaa sawasawa, huenda mkaa wako haukutosha au tatizo ni lishe; rudia kwa mkaa laini zaidi na kwa kuongeza urea kidogo kabla ya kutoa hukumu. Kama mafungu yote manne yamelingana, basi majani kwa kiasi kinachoanguka uwanjani kwako hayadhuru mchicha, na kilichobaki ni kivuli na mizizi.

Hatua ya nne: badilisha udongo na mahali

Kwa kivuli na mizizi, jaza ndoo kumi udongo wa chini ya mti na kumi udongo wa mbali. Kisha tano za kila aina ziweke chini ya mti na tano juani. Panda mchicha katika zote. Ikiwa ndoo zote za chini ya mti ni dhaifu, udongo wowote uwao, mwenye kosa ni kivuli. Ikiwa zenye udongo wa chini ya mti ni dhaifu hata zikiwa juani, mwenye kosa ni udongo. Ikiwa zote zilizo chini ya mti zinastawi lakini tuta lililo pembeni yake halistawi, basi mizizi ya mti inakunyang'anya maji, kwa sababu ndoo zimeizuia mizizi hiyo.

Kupanga bustani kulingana na ulichokipata

Ikiwa tatizo ni kivuli, punguza matawi ya chini na upande wa mashariki ili jua la asubuhi liingie. Ikiwa ni mizizi, panda kwenye magunia, ndoo au matuta yaliyoinuliwa yenye plastiki chini, au chimba mfereji mwembamba kati ya mti na tuta mwanzoni mwa kila msimu.

Ikiwa ni kemikali, njia ni nyingi, na kuukata mti ingekuwa ya mwisho kabisa. Fagia majani kabla ya kuotesha na usiyafukie mabichi kwenye tuta. Badala ya kumwaga mbegu, otesha mchicha kwenye kitalu mbali na mti na uhamishe miche ikiwa na majani manne au zaidi, kwani mche wenye mizizi iliyokwisha kutawanyika hustahimili kuliko mbegu inayoota. Matembele hupandwa kwa marando, kwa hiyo hatari ya kuota haipo kabisa. Kunde na bamia zina mbegu kubwa zenye akiba, nazo zinafaa kupandwa karibu zaidi na mti kuliko mchicha, mnafu au nyanya.

Majani uliyofagia usiyachome. Yarundike pamoja na samadi au mabaki ya jikoni, yamwagilie, yageuze kila wiki, na baada ya miezi miwili au mitatu yatakuwa mboji. Utajua kama imeiva kwa kurudia lile jaribio la makopo: loweka gramu 20 za mboji katika mililita 200, chuja, na uoteshe mbegu 25. Mizizi ikiwa mirefu sawa na ya maji matupu, itumie. Isipokuwa hivyo, igeuze wiki mbili nyingine.

Majani ambayo hayajaoza yana kazi nyingine, nayo ni kutandazwa kwenye njia kati ya matuta, ambako unataka mbegu za magugu zisiote. Hayatasaidia kwa ndago, ambayo huchipua kutoka kwenye viazi vyake vidogo vilivyo chini, lakini kwa magugu ya mbegu ndogo yanafaa. Hii si fikra mpya katika kilimo chetu. Wakulima wa Afrika Mashariki wanaopanda desimodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi wanatumia kanuni ileile dhidi ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi: mizizi ya desimodiamu hutoa kemikali zinazochochea mbegu za kiduha kuota bila kushika mzizi wa mahindi, nazo hufa. Mbinu hiyo iliendelezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Kenya pamoja na washirika wake.

Maji ya majani uliyobakiza usiyamwage kwenye bwawa la samaki, na wala usiyahifadhi katika chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo waliopewa kama dawa, na kitu kinachoitwa dawa ya asili hakipungukiwi nguvu kwa sababu hiyo.

Kwa mchaichai, kivumbasi, mkaratusi au Artemisia, fuata hatua zilezile, ila ukumbuke kwamba mimea hii ina mafuta yenye kunukia, ambayo mengi hupotea wakati wa kuanika. Pima majani mabichi pia, gramu 20 za mabichi kwa mililita 200, na uandike waziwazi kwamba ni mabichi, kwa kuwa uzito wake mwingi ni maji na hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na wa makavu. Unaweza hata kuweka jani bichi lililopondwa kwenye kifuniko kidogo ndani ya kopo bila kugusa mbegu, ili uone kama mvuke peke yake unatosha.

Rudia jaribio la ndoo katika misimu miwili, kiangazi na masika. Wakati wa kiangazi majani hulundikana yakiwa makavu na kemikali zake hazijaoshwa, kwa hiyo mvua za kwanza ndizo zinazoshusha kiasi kikubwa kwa mara moja. Kama matokeo yako yameonyesha kwamba kemikali zipo, subiri mvua kubwa mbili au tatu mwezi Machi zipite kwenye tuta kabla ya kumwaga mbegu za mchicha, na katika vuli fanya vivyo hivyo mwezi Oktoba au Novemba.